Baba ameacha dawa ya kolesteroli kwa kuambiwa kwamba tatizo ni inflamesheni: naomba ufafanuzi

Binti wa Tandika ameandika:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaomba mwenye elimu ya jambo hili anisaidie kabla sijazungumza tena na baba yangu, kwa maana mazungumzo yetu ya mara ya mwisho yaliishia yeye kunyamaza na mimi kulia.

Baba ana umri wa miaka 63. Mwaka juzi alipata shtuko la moyo alfajiri, wakati anajiandaa kwenda kufungua duka lake Kariakoo. Tulimkimbiza hospitali, akazibuliwa mshipa mmoja wa moyo na kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha waya cha kuuweka mshipa wazi, na tangu siku hiyo alikuwa anameza dawa zake kwa uaminifu mkubwa, mojawapo ikiwa ni statini ya kushusha kolesteroli. Miezi minne iliyopita rafiki yake alimtumia video ya mtu anayeeleza kwamba kolesteroli imesingiziwa kwa miaka mingi, kwamba kinachoua moyo ni inflamesheni sugu ya mwili, yaani kinga ya mwili kuwaka bila kutulia, na kwamba tiba yake ni manjano, tangawizi na kuacha mafuta ya kupikia ya dukani. Wiki iliyopita nilipokuwa nikipanga nguo zake kabatini, nilikuta pakiti za statini za miezi mitatu zimefungwa kwa mpira, hazijaguswa, na ndipo nikaelewa kwa nini kila alfajiri chupa yake ya chai huwa na manjano yaliyochemshwa pamoja na pilipili manga.

Kinachonichanganya ni kwamba nilipoanza kusoma mwenyewe nikitarajia kukuta uongo mtupu, nilikuta wataalamu wakubwa nao wanasema kwamba inflamesheni inahusika na ugonjwa wa moyo. Nilimwomba twende tukapime, akakubali. LDL yake, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, ambayo mwaka jana ilikuwa 1.7 mmol/L, sasa ni 4.1, lakini kipimo cha CRP, kinachoangalia inflamesheni, kimeandikwa "hasi", naye ameishika karatasi hiyo kama ushahidi kwamba manjano yamemponya. Je, inflamesheni inafanya nini hasa ndani ya moyo? Na je, mtu ambaye CRP yake ni hasi anaweza kuwa salama hata kama LDL imepanda kiasi hicho?

Mpimaji wa Temeke amejibu:

Dada, pole sana. Mimi ni mteknolojia wa maabara, kwa hiyo nitajibu sehemu ya kipimo tu na kuwaachia madaktari mengine.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopata habari kwamba kuna mapambano mahali fulani. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Katika maabara nyingi za mitaani kwetu hupimwa kwa njia ya slaidi: unaweka tone la majimaji ya damu juu ya kadi nyeusi, unalichanganya na tone la lateksi nyeupe kama maziwa, unaitikisa kadi taratibu kwa dakika mbili, kisha unaisogeza kwenye mwanga na kutazama kama maziwa yale yamegandana na kuwa chembe chembe. Yakigandana, unaandika chanya. Yakibaki laini, unaandika hasi. Kipimo hiki kimetengenezwa kwa ajili ya maambukizi makali, na kwa kawaida hakioni chochote kilicho chini ya miligramu 6 kwa lita.

Sasa, wanaozungumzia moyo wanasoma namba zilizo chini kabisa ya hapo. Hutumia kipimo chenye unyeti mkubwa, kinachoitwa hs-CRP, ambacho chini ya 1 huhesabiwa kuwa hatari ndogo, kati ya 1 na 3 hatari ya wastani, na zaidi ya 3 hatari kubwa. Maana yake ni kwamba baba anaweza kuwa na 4 au 5, yaani katika kundi la hatari kubwa, na slaidi ile ile ikasema "hasi" bila mpimaji kukosea lolote. Karatasi aliyoishika haijibu swali aliloliuliza.

Niongeze tahadhari moja inayotuhusu sana hapa mjini. Hata hs-CRP haisomeki vizuri ikiwa mtu ana malaria, UTI, jino linalouma au mafua ya juzi, kwa sababu namba hupanda mara kumi au zaidi. Tukiona imevuka 10 tunashauri mgonjwa atibiwe kilichopo, akae wiki mbili au zaidi akiwa mzima, ndipo apimwe upya.

Daktari wa Upanga amejibu:

Ndugu Mpimaji ameeleza vizuri, nami nitaanzia alipoishia. Dada, nitakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako lina majibu mawili yanayoonekana kupingana, na nadhani baba yako amenaswa katikati yake.

Kwanza neno lenyewe. Nikimwambia mgonjwa kwamba ana "uvimbe" kwenye mishipa ya moyo, mara nyingi anafikiria kitu cha kukatwa, kama uvimbe wa kizazi, na hofu inamfunga masikio. Ndiyo maana naona ni afadhali tuseme inflamesheni, tukikumbuka kwamba ni lile lile linalotokea mwiba unapokuchoma kidole: damu hukimbilia pale, pakawa pekundu, pa moto, pakavimba na kuuma, kwa sababu askari wa mwili wamefika. Kwenye kidole kazi huisha kwa siku chache. Inflamesheni inaitwa sugu pale askari hao wanapofika mahali, wakashindwa kuimaliza kazi, na wakabaki hapo miaka ishirini wakiharibu nyumba waliyotumwa kuilinda.

Watu wengi huuwazia mshipa wa moyo kama bomba la maji linaloziba kwa uchafu, na hata sisi madaktari tumeieneza picha hiyo kwa sababu ni rahisi kuichora. Picha hiyo ina kasoro. Ukuta wa mshipa ni nyama hai, wenye ngozi nyembamba sana kwa ndani, na chembe za LDL zikiwa nyingi katika damu huipenya ngozi hiyo na kunasa chini yake. Zikikaa hapo hubadilika kikemia, na ngozi ile huanza kutoa vinata vinavyozishika seli nyeupe za damu zinazopita. Seli hizo huingia ndani ya ukuta, zinageuka kuwa makrofaji, yaani seli za kumeza uchafu, na kuanza kumeza mafuta. Zinameza bila kushiba, mpaka chini ya darubini zinaonekana zimejaa vitone kama povu la sabuni. Nyingine hufa hapo hapo, na kolesteroli iliyokuwa ndani yake hugandana kuwa fuwele zenye ncha. Fuwele hizo huzisisimua seli zilizo hai zitoe kemikali inayoitwa intalukini-1 beta, ambayo huiamsha intalukini-6, ambayo nayo hulifikia ini na kuliamuru litengeneze CRP. Kwa hiyo CRP iko mwisho kabisa wa mnyororo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba wanaozaliwa na CRP ya juu kwa asili tu hawaugui moyo zaidi ya wengine. Mawingu ni dalili ya mvua, lakini mawingu peke yake hayamlowanishi mtu.

Hapa ndipo alfajiri ile ya baba yako inapopata maelezo. Juu ya lile dimbwi la mafuta na seli mfu mwili hujenga kifuniko cha nyuzi ngumu. Seli za inflamesheni hutoa vimeng'enya vinavyokitafuna kifuniko hicho kutokea ndani, taratibu, bila maumivu yoyote. Siku kikipasuka, damu inakutana na uchafu uliokuwa umefichwa, inaganda pale pale, na mshipa ambao jana ulikuwa unapitisha damu vizuri unaziba kwa dakika chache. Ndiyo maana watu wengi hupata shtuko la moyo bila kuwahi kuhisi kifua kubana hata siku moja.

Sasa je, aliyeitengeneza ile video alidanganya? Kwa sehemu ya kwanza, hapana. Rudolf Virchow kule Ujerumani aliiona inflamesheni ndani ya mishipa iliyougua tangu miaka ya 1850, na mwaka 1999 Russell Ross wa Marekani aliandika waziwazi kwamba ugonjwa huu wa mishipa ni ugonjwa wa inflamesheni. Ushahidi uliobakia ulikuwa wa kuizima inflamesheni peke yake, bila kuigusa kolesteroli, na kuona kama shtuko la moyo litapungua. Jaribio hilo lilitangazwa mwaka 2017 kwa jina la CANTOS, likiongozwa na Paul Ridker wa Boston. Wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shtuko la moyo walichomwa sindano ya kanakinumabu, inayoizuia intalukini-1 beta, au sindano isiyo na dawa, kila baada ya miezi mitatu. LDL haikubadilika. Hata hivyo, kwa kipimo cha miligramu 150, mashtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja vilipungua kwa asilimia 15. Nakumbuka furaha niliyoipata nilipousoma utafiti ule usiku wa zamu, kwa sababu swali la zaidi ya miaka 150 lilikuwa limepata jibu.

Lakini wagonjwa waliopata dawa walikufa kwa maambukizi zaidi kuliko wenzao, na jumla ya vifo haikupungua. Ukimnyang'anya mtu silaha za kinga, hukuchagua ni adui gani atakayeutumia mwanya huo, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu ningeogopa sana kuitumia sindano hiyo kwa ajili ya moyo. Jaribio jingine, CIRT, lilitumia methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza inflamesheni, kwa dozi ndogo na halikupata faida yoyote. Kwa hiyo hata kusema "punguza inflamesheni" hakutoshi; kuna njia moja ya kemikali yenye maana kwa moyo, na nyingine hazina.

Wala haifuati kwamba kolesteroli haina hatia, na hapa ndipo video inapompoteza baba. Soma tena mnyororo nilioueleza: umeanzia wapi? Umeanzia kwenye LDL iliyonasa ukutani, na fuwele zinazoamsha kemikali zile ni fuwele za kolesteroli. Kuna kabila la Watsimane huko Bolivia, msituni Amazoni, ambao watafiti waliwapiga picha za moyo watu 705 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, na kutangaza matokeo mwaka 2017. Nusu yao walikuwa na CRP ya juu, kutokana na minyoo na maambukizi ya kila mara. Kama video ingekuwa sahihi, watu hawa wangekuwa na mioyo mibovu kuliko wote duniani. Asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote katika mishipa ya moyo, na chokaa hiyo ndiyo alama ya ugonjwa huu. LDL yao ya wastani ilikuwa takriban 2.4 mmol/L, wanatembea mchana kutwa, na hawavuti sigara sana. Inflamesheni iliwaka, ila mafuta ya kuunguza yalikuwa machache.

Nikitaja hilo, wanaoitetea hoja ya video hupenda kunijibu kwa Wamasai, wanaosemekana kuishi kwa maziwa na nyama bila kuugua moyo. George Mann aliyewachunguza Wamasai alitoa mwaka 1972 matokeo ya uchunguzi wa maiti za wanaume 50, na alikuta kuta za mishipa yao ya moyo zimenenepa kama za wazee wa Marekani. Kilichowasaidia ni kwamba mishipa ilikuwa imetanuka na njia ya damu ikabaki pana, jambo ambalo yeye alilihusisha na ukakamavu wa miili yao. Mafuta yalikuwamo.

Kuhusu statini, naomba baba alisikie hili hasa: dawa aliyoifungia kabatini inashusha LDL na inashusha CRP pia. Katika jaribio la JUPITER la mwaka 2008, watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu lakini hs-CRP yao ilikuwa 2 au zaidi walipewa rosuvastatini au kidonge kitupu, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 44. Kama anaiogopa inflamesheni, basi amekiacha kidonge chenye ushahidi mkubwa zaidi dhidi yake na kushika manjano, ambayo hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba yanapunguza shtuko la moyo. Manjano kwenye mchuzi ni chakula kizuri. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa na kuchanganywa na pilipili manga vimewahi kuwaletea baadhi ya watu madhara ya ini, kwa hiyo naomba asiongeze hivyo juu yake.

Mwalimu wa Mbagala ameuliza:

Shukrani, Daktari. Nina wanafunzi wawili ambao wazazi wao waliambiwa kwamba watoto wana ugonjwa wa moyo uliotokana na koo. Je, hiyo nayo ndiyo inflamesheni hii? Na je, kuna dawa ya vidonge ya inflamesheni yenyewe, isiyo sindano ile ya hatari?

Daktari wa Upanga amejibu:

Mwalimu, hapana, huo wa koo ni ugonjwa mwingine. Kwa watoto wale, bakteria wa streptokoka kundi A waliingia kooni, na kinga ya mwili katika kuwapiga ikakosea na kushambulia vali za moyo. Kinga yake ni kutibu koo mapema kwa penisilini, na aliyekwisha kuumwa huendelea kuchomwa sindano ya penisilini kwa miaka mingi. Tafadhali wahimize wazazi wasiruke tarehe hata moja.

Kuhusu vidonge, ipo kolchisini, dawa ya zamani ya jongo. Mwaka 2019 jaribio la COLCOT lilionyesha kwamba miligramu 0.5 kwa siku kwa waliotoka kupata shtuko la moyo ilipunguza matukio kwa asilimia 23, mwaka 2020 jaribio la LoDoCo2 likapata asilimia 31 kwa wagonjwa wa moyo ambao hali yao imetulia, na mwaka 2023 Marekani ikaiidhinisha kwa kazi hiyo. Halafu mwaka 2024 jaribio la CLEAR SYNERGY, lenye wagonjwa 7,062 waliotoka kupata shtuko la moyo, halikuona faida. Kwa maoni yangu ni dawa ya kuongezwa juu ya statini kwa mgonjwa aliyechaguliwa kwa makini, na si ya kununuliwa dirishani. Figo zikiwa dhaifu, au mtu akiwa anatumia klarithromisini (dawa ya bakteria) au ritonavia (dawa ya virusi), kolchisini hujikusanya mwilini na inaweza kuua.

Mama wa Kigamboni ameandika:

Binti yangu wa Tandika, nimesoma haya yote mara mbili. Mimi ninaishi na VVU na ninahudhuria CTC, kliniki yetu ya VVU, tangu mwaka 2009. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo kwa miaka mingi sasa. Mwaka jana nesi aliniambia kwamba hata virusi vikifubaa, kinga ya mwili huendelea kukaa macho kidogo kidogo, na kwamba wenzangu wanaugua moyo mapema zaidi kuliko watu wengine. Niliumia kusikia hivyo, kwa sababu nilidhani nimekwisha kulipa deni langu. Daktari, je, hii ndiyo inflamesheni sugu mnayoizungumzia? Na statini inanihusu? Nina miaka 52, presha ni ya kawaida.

Daktari wa Upanga amejibu:

Mama, shikamoo, na hongera kwa uaminifu wako wa miaka yote hiyo. Ndiyo, ni hiyo hiyo, na nesi wako alikueleza kweli. Jaribio la REPRIEVE, lililotangazwa mwaka 2023, liliwachukua watu 7,769 wanaoishi na VVU, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, wakiwamo wa Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, ambao hatari yao ya moyo kwa mahesabu ya kawaida ilikuwa ndogo au ya wastani tu, yaani watu kama wewe. Waliopewa pitavastatini walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 pungufu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo una haki ya kuuliza swali hili CTC. Waambie wakague dawa zako za kufubaza virusi kabla ya kuchagua statini, kwa sababu baadhi ya statini, hasa simvastatini, hazikai pamoja na baadhi ya dawa hizo.

Wenye baridi yabisi, kisukari na ugonjwa wa fizi wako katika mjadala huu huu, pamoja na wavutaji wa sigara na wenye mafuta mengi tumboni, kwa maana mafuta ya tumboni yenyewe hutoa intalukini-6. Na kwa jikoni zetu nyingi, moshi wa mkaa katika chumba kisicho na dirisha: chembe zake ndogo huingia mapafuni na kuamsha inflamesheni ambayo huishia kwenye mishipa. Ninamwomba kila anayeweza kulisogeza jiko nje alisogeze, na anayeweza kuhamia gesi ahamie.

Binti wa Tandika ameandika:

Nimewasoma wote, na jana jioni nilimsomea baba. Sikuanza na kolesteroli. Nilianza na slaidi nyeusi na lateksi, nikamweleza kwamba kipimo kile hakiwezi kuona chochote chini ya 6. Alivua miwani, akaiomba karatasi yake, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hawajui kama ninayo?" Nikamjibu kwamba hawajui. Tulipofika kwenye Watsimane akanisimamisha nimrudie sehemu ile. Mwisho akasema kwamba aliacha dawa kwa sababu nyingine pia, ambayo hakuwahi kumwambia mtu: misuli ya mapaja ilikuwa inamuuma, na aliona aibu kulalamika kwa daktari aliyemwokoa.

Amekubali kurudi kliniki Jumatatu. Naomba kuuliza la mwisho: akianza tena, tupime lini? Na hayo maumivu ya misuli yana namna?

Daktari wa Upanga amejibu:

Dada, umefanya kazi ambayo wengi wetu tungeishindwa. Maumivu ya misuli ni lalamiko la kweli na halina aibu yoyote: hupimwa kimeng'enya cha misuli kwenye damu, hukaguliwa tezi ya shingo na dawa nyingine anazotumia, kisha dozi hupunguzwa au statini hubadilishwa, na akishindwa kabisa zipo dawa za kushusha kolesteroli zisizo statini, kama ezetimibu na nyinginezo. Wengi hupata inayowafaa.

Akianza tena, LDL ipimwe baada ya wiki 4 hadi 12, na kwa mtu aliyekwisha kupata shtuko la moyo tunaitafuta ishuke chini ya 1.4 ikiwezekana. Kama mtapenda kujua hs-CRP, ipimwe siku hiyo hiyo akiwa hana homa wala mafua, na muulize kabla ya kulipia kama ni ile yenye unyeti mkubwa. Jumatatu aende na pakiti zile tatu kama zilivyo, pamoja na mpira wake, na amwambie daktari kuhusu mapaja kabla ya jambo lingine lolote.